Senti Sitini katika Shilingi

Barua ya ligi ilifika Jumanne, imepigwa mhuri,
ikanikuta napanga stakabadhi kwenye kopo la maziwa.
Mimi Mwanakheri, mhazini wa Makorora Stima,
daraja la pili, kundi B, nafasi ya sita,
nikaisoma mara mbili, miwani mkononi:
katika kila shilingi inayoingia klabuni
mishahara isile zaidi ya senti sitini.

Haki. Hata mimi nilisema, haki.
Nilikuwepo msimu ule wa mwenyekiti Singano,
alipoleta washambuliaji watatu kutoka Kigoma,
akawaahidi nyumba, akawaahidi pikipiki,
wakala miezi mitano kwa daftari la Mama Zulfa, Barabara ya Kumi na Mbili,
hata mabao yao yakawa na deni.
Siku walipoondoka walibeba mipira yote na wavu mmoja.
Mpaka leo goli la upande wa reli
tumelifunga wavu wa dagaa.

Basi haki. Ila nisikilizeni hesabu.

Klabu yenye nembo ya benki kifuani na kamera mlangoni,
sitini zake ni ghorofa.
Sisi tuna viingilio vya Jumamosi,
mia tano mia tano, zimelowa jasho,
na kodi ya fremu moja anayoshonea fundi Mbaruku,
akilipa.
Sitini zetu ni uvungu wa kitanda.
Kanuni ni ile ile, neno kwa neno, nukta kwa nukta:
wao wanasimama ndani yake, wananyoosha mikono;
sisi tunaingia kwa magoti.

Nassoro wa matairi akaja na bahasha ya kaki.
"Mlipeni Semkiwa, asituache."
Semkiwa, mguu wa kushoto, mtoto wa Pongwe,
aliyejifunza chenga katika vumbi la saruji.
Nikaisukuma bahasha irudi upande wake wa meza.
"Mwanakheri! Pesa imekuwa haramu?"
"Si haramu, Nassoro. Haina safu."
Akaitazama daftari yangu
kama mtu aliyekataliwa posa na ukuta.

Kisha akaja mkaguzi, kijana mpole, kompyuta mapajani.
Akauliza machungwa ya mapumziko ananunua nani.
Nikasema hayanunuliwi, analeta Bi Mboni,
kutoka Muheza, kwenye kapu, kila tukicheza nyumbani.
"Ana genge? Basi huyo ni mdhamini. Yaandike, ni mapato."
Arobaini kwa mia mbili: elfu nane.
Sitini kwa mia ya elfu nane:
dari yetu ikapanda shilingi elfu nne na mia nane.
Nilitaka kucheka, nikaogopa cheko nalo lina kodi.

"Na jezi, anafua nani?"
"Mimi."
"Kwa kiasi gani?"

Hapo nikanyamaza.
Miaka kumi na miwili, beseni mbili, sabuni ya mche,
madoa ya nyasi ya Mkwakwani, damu ya pua ya golikipa,
na sikuwahi kujiuliza swali hilo.
Nikiandika bei, ni matumizi.
Nikisamehe bei, ni mapato.
Nisipoandika kitu, je, jezi zilijifua?
Kijana akaona nimekawia, akaruka mstari.

Semkiwa alisaini Ijumaa, huko kwenye dari refu.
Alikuja kurudisha viatu vya klabu, amevifuta,
kamba amezifunga pamoja vizuri.
Hakusema sana. Nami ningesema nini,
niliyekataa bahasha kwa mkono huu huu?
Nilimwandikia stakabadhi: viatu, jozi moja, vimepokelewa.

Jumamosi tulitoka sare, bila kufungana.
Jioni nikaloweka jezi kama kawaida,
nikazianika moja moja nikihesabu.
Namba tisa nimeifua pia,
ingawa haikuchafuka.